Kuposa Kinanda Nagoya kwa Mshenga wa Mtandaoni

Mtu wa Mombasa akitaka kuoa mji asioujua hajitokezi mlangoni na begi lake. Hutafuta mshenga: anayeijua lugha ya wenyeji, anayejua nani wa kusalimiwa kwanza, na anayejua wakati wa kunyamaza. Mnada wa mtandaoni wa Yahoo! nchini Japani, uliofunguliwa Septemba 1999, una desturi hiyohiyo. Kujiandikisha humo kunataka nambari ya simu ya Japani, na muuzaji, ambaye mara nyingi ni mtu wa kawaida anayetoa vitu kabatini, hatumi mzigo nje ya nchi yake. Simu yako inaanza na +254. Hapo ndipo mshenga anapohitajika: kampuni yenye akaunti kule, ghala kule, na watu wanaoandika Kijapani. Yeye huweka dau kwa jina lake, hupokea mzigo mlangoni kwake, kisha huufungasha na kukutumia.

Mwongozo huu ni wa posa hiyo, tangu kumwona binti hadi kumfikisha nyumbani. Binti mwenyewe ni kinanda. Nimeposa vinne mpaka sasa, na sijajuta hata kwa kile kilichofika kimevunjika.

Mjue unayemposa

Kinanda ninachokisema ni taishokoto. Vijana wengi hawajakiona kwa macho, basi niwaeleze. Ni kisanduku chembamba cha mbao, urefu wake karibu sentimita 70, kilichovutwa nyuzi za chuma. Juu ya nyuzi kuna vitufe vya duara vilivyojipanga kama vya taipureta, kila kitufe kimeandikwa nambari. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unachapa nyuzi kwa risha. Mpiga udi huitafuta sauti kwa ncha ya kidole miaka na miaka. Kwenye taishokoto kitufe ndicho kinachoushika uzi mahali pake, na kazi yako yote inabaki kwenye mwendo.

Kilizaliwa Nagoya mwaka 1912, mwaka wa kwanza wa zama za Taisho, na jina lake ni hilo tu: koto ya Taisho. Aliyekiunda ni Morita Goro, aliyechukua kinanda cha kale cha nyuzi mbili akakitia vitufe kwa mfano wa taipureta. Kisha kikasafiri. Wahindi wakakiita bulbul tarang, Wabaluchi wakakikuza wakakiita benju, na Bali nako wanacho. Sisi wa pwani tulikiacha na jina la kwao, likapinda kidogo tu midomoni mwetu. Mombasa ikakitia umeme na kukikalisha kwenye taarab. Atakaye kujua kilichotokea hapo aitafute albamu ya Jino la Pembe, Zuhura Swaleh akiwa na Maulidi Musical Party. Taishokoto humo haimfuati mwimbaji nyuma. Inamchokoza, inamkatiza pumzi, inakimbia mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani na kuahidiwa chenji.

Leo ukizunguka Mji wa Kale ukiuliza taishokoto utaonyeshwa picha. Zilizopo zimechoka, na wenye nazo hawaziuzi. Wakati huohuo kule Japani zimelala makabatini kwa wingi. Wazee, wanawake hasa, walikuwa wakijifunza kuzipiga kwenye madarasa ya mitaani. Sasa wamezeeka au wamefariki, na watoto wao wanaondoa vitu nyumbani. Kila nilipofungua mnada nimekuta nyingi, na nyingi huanza chini ya yeni 2,000. Yeni moja, kwa viwango vya miaka hii, haifiki shilingi moja ya Kenya. Kinanda cha Nagoya kinaanza kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Mimi nikiona hivyo siwezi kukaa.

Chagua mshenga kama unayemwamini na siri

Washenga wanaojulikana ni pamoja na Buyee, ZenMarket na FROM JAPAN. Sikuchagulii, kwa sababu ada na masharti hubadilika, na anayemfaa mnunuzi wa vinyago vidogo huenda asimfae mnunuzi wa kitu kirefu cha mbao. Lakini kabla hujampa hata senti, msomee masharti yake ukitafuta majibu ya maswali haya. Ada yake ni kiasi kimoja kwa kila kitu, au ni asilimia ya bei? Mzigo wako utakaa ghalani bure siku ngapi? Ukifika ataufungua na kukupigia picha? Atakubali kuunganisha vitu viwili kwenye boksi moja? Na swali linalosahauliwa kuliko yote: anatuma Kenya kwa njia zipi, na njia hizo ziko wazi wiki hii?

Jua pia mipaka yake. Mshenga hakuahidi kwamba binti ni mzima wa afya. Ameahidi kufikisha posa na kumleta. Kinanda kikiwa na ufa ambao muuzaji aliutaja kwa Kijapani na wewe hukuusoma, huo ni ufa wako.

Malipo hayasumbui kama zamani. Wengi hupokea Visa, na tangu 2022 hata asiye na akaunti ya benki anaweza kupata kadi ya Visa ya mtandaoni kupitia M-Pesa. Weka fedha ya kutosha kabla ya siku ya mnada. Mshenga anayengoja malipo ni mshenga anayetozwa aibu kwa niaba yako, na wapo wanaofunga akaunti ya mteja anayeshinda dau kisha akapotea.

Kusoma maneno ya wenyewe

Kutafuta kwa herufi zetu hakukufikishi mbali. Nakili maandishi haya matatu, 大正琴, uyabandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukitaka zenye umeme, tanguliza 電気, yaani denki. Mara moja utaona safu ndefu ya picha: visanduku vyeusi, vya kahawia, vyenye maua ya dhahabu, na majina kama Suzuki na Nardan kwenye vibao vyake.

Sasa soma. Tovuti za washenga zinatafsiri kwa mashine, na mashine haina haya. Hupita juu ya neno zito kama haikuliona. Kwa hiyo jifunze maneno machache mwenyewe, uyatambue kwa sura kama unavyotambua matatu ya kwenu kwa rangi. ジャンク ni janku: muuzaji anasema kitu hiki kimekufa au kinakaribia, ukikinunua usije ukalia. 現状品 maana yake kinauzwa kama kilivyo. 動作未確認 ni kwamba hakuna aliyekijaribu. 難あり ni kuwa kina kasoro, na kasoro hiyo imeelezwa chini, kwa hiyo teremka uisome. 美品 ni kizuri, 未使用 hakijatumika, ケース付き kinakuja na kasha lake. Hili la mwisho lipe uzito. Kasha gumu ndilo litakalokivusha bahari.

Janku usiidharau. Fundi wangu wa Kibokoni, anayetengeneza udi na fidla, ndiye aliyenifundisha hili. Nilimwonyesha picha ya taishokoto moja nzima ya yeni 6,000 akaniambia, "Mwanangu, ziko mbovu mbili za elfu moja moja? Niletee hizo." Alikuwa na haki. Springi ndogo zinazorudisha vitufe juu huwezi kuzipata duka lolote la Mombasa, na kitufe kilichovunjika hakiungiki. Vinanda viwili vilivyokufa, kimoja kikiwa na ubao mzima na kingine kikiwa na vitufe vizima, humpa fundi kimoja kilicho hai na kopo la spea.

Kisha tazama picha moja baada ya nyingine, uzikuze. Kitufe kilichozama kuliko wenzake springi yake imechoka. Nyuzi zenye kutu si tatizo, maana nyuzi nyembamba za gita huingia bila ugomvi. Ufa wa ubao chini ya daraja la nyuzi ni tatizo kubwa, kwa sababu hapo ndipo mvuto wote unapokaa. Hesabu funguo za kukazia nyuzi. Kama ni ya umeme, tafuta picha ya nafasi ya betri: betri iliyosahauliwa ndani miaka kumi huvuja, na maji yake hula shaba ya ndani kimyakimya. Na kama inakuja na adapta yake ya ukutani, kumbuka umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 240. Usiichomeke. Itakufa siku hiyohiyo mbele ya macho yako.

Halafu kuna wazazi wasiotaka mshenga. Utakutana na tangazo lililoandikwa 代行業者お断り: mawakala wasije. Wapo wauzaji wanaoogopa malalamiko ya ng'ambo, au waliowahi kusumbuliwa. Wape heshima yao, upite. Nyumba nyingine ziko wazi.

Ninachokipenda kuliko yote katika kusoma huku ni maelezo ya wauzaji wenyewe. Wanaeleza kitu kilikuwa cha nani. Mama alikipiga hadi akaingia hospitali. Shangazi alikinunua akapiga mara mbili. Kilikuwa ghorofani, hakikupigwa jua. Wanaomba radhi kwa mchubuko ambao mimi nisingeuona. Soma hayo polepole. Anayeandika hivyo kwa kawaida hufungasha vizuri pia.

Siku ya dau

Mnada wa Japani una mwendo wake, na saa ziko upande wetu. Wao wametutangulia saa sita. Minada mingi hufungwa usiku wao, kuanzia saa tatu hadi saa tano. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni. Mnunuzi wa pwani ya magharibi ya Amerika analazimika kuamka alfajiri. Wewe unaketi na kahawa chungu na kipande cha halua, jua limeanza kulainika.

Mfumo unafanya kazi hivi. Unaandika kiwango chako cha juu kabisa, na mfumo haukitangazi. Wenyewe hupandisha dau lako kidogo kidogo, kiasi tu cha kumzidi mwenzako, hadi ufike kikomo ulichoandika. Kati ya yeni 1,000 na 4,999 hupanda kwa 100. Kutoka 5,000 kwa 250. Kutoka 10,000 kwa 500. Watu wengi huandika namba za mviringo, 3,000 au 5,000. Wewe andika 3,110. Hiyo mia na kumi imewahi kunipa kinanda.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu dakika za mwisho. Wengi wetu tumezoea mnada unaokatika: saa ikigonga, kwisha. Kule matangazo mengi yana nyongeza ya muda: dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho na kubadilisha bei, mnada unaongezewa dakika tano nyingine. Na tena. Na tena. Nimewahi kuona mnada uliopaswa kuisha saa kumi ukiisha saa kumi na moja kasorobo, watu wawili wasiojuana wakipandishana kidogo kidogo, na kinanda cha yeni 1,200 kikaondoka kwa 9,000 na zaidi.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili. Nikashinda. Siku hiyo nilielewa kwa nini wazee hawamruhusu bwana harusi kukaa chumba kimoja na wanaozungumza mahari. Sasa ninafanya hivi, na ninakuomba nawe ufanye: asubuhi, kabla damu haijachemka, andika kikomo chako kwenye karatasi. Kikabidhi kwa mshenga saa moja kabla. Kisha funga simu, nenda kaswali Alasiri, pitia sokoni, nunua ulichotumwa. Ukirudi utakuta jibu. Kama umeshindwa, wiki ijayo kutakuwa na mwingine. Hilo ni jambo la hakika kwenye taishokoto, japo si hakika kwa kila kitu kinachouzwa humo.

Na dau likishawekwa halirudi. Usibonyeze huku unajadiliana na nafsi yako. Ukiona neno 即決, sokketsu, basi muuzaji ameweka bei ya kumaliza maneno: lipa hiyo, umechukua. Kwa kitu unachokitaka kweli, bei ikiwa ya haki, lipa.

Mahari si mahari peke yake

Waliowahi kuoza wanajua. Mahari hutajwa mbele ya watu, ndogo, ya heshima. Kisha huja kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango, na mambo ya shangazi. Bei ya dau ni hiyo mahari ya kutajwa. Mengine nayahesabu hapa moja moja, maana hapa ndipo watu wanapovunjika moyo.

Kwanza kodi. Muuzaji akiwa duka, bei huongezeka kodi ya matumizi ya Japani, asilimia 10. Akiwa mtu binafsi haiongezeki. Tangazo huonyesha, kwa hiyo angalia kabla ya kuandika dau.

Pili nauli ya ndani, kutoka kwa muuzaji hadi ghala la mshenga. Wajapani hupima boksi kwa kujumlisha pande tatu, urefu, upana na kimo, kwa sentimita: kuna kipimo cha 60, cha 80, cha 100, cha 120 na kuendelea. Taishokoto ndani ya kasha lake, ikishafungwa, ina urefu wa 75, upana wa 25 na kimo cha 15 hivi: jumla 115. Hiyo ni daraja la 120, si kifurushi kidogo. Muuzaji akiwa Hokkaido au Okinawa na ghala likiwa karibu na Tokyo au Osaka, nauli inapanda tena. Ndiyo maana kinanda cha yeni 1 kinaweza kuwa ghali kuliko cha 1,500. Tafuta 送料無料, nauli ni juu ya muuzaji. Ogopa 着払い, nauli hulipwa mzigo unapofika, na hutaijua mpaka ufike.

Tatu ada ya mshenga. Nne ada ya kugeuza fedha, ambayo kadi yako itaichukua bila kupiga hodi. Tano ada ya kufungasha upya, kama ipo. Usiikatae hii. Kinanda changu cha kwanza kilitumwa bila kasha, kimezungushiwa gazeti, na mimi nikaacha kuweka alama kwenye kisanduku cha kuomba ufungashaji wa ziada, kwa kubana mia chache. Kilifika vitufe vitatu vimekatika shingo. Mshenga wangu wa siku hiyo alikuwa ndani ya masharti yake; masharti hayakumkataza kuona kitu chembamba kinakwenda Afrika kimevaa gazeti moja akanyamaza. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu kilikuwa kimelindwa vizuri miaka arobaini na mtu mwingine.

Sita ni nauli ya kimataifa, na hii peke yake inaweza kuzidi bei ya kinanda mara tano. Kuwa tayari. Makampuni ya haraka ya ndege hayaangalii uzito tu, yanaangalia nafasi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, ndiyo kilo utakazotozwa kama zinazidi za mizani. Boksi la 80 kwa 30 kwa 20 ni 48,000; gawanya, unapata kilo 9.6. Kinanda chako kina kilo tatu. Utalipa kwa zaidi ya kilo tisa na nusu, nyingi zake hewa. EMS ya Posta ya Japani hupima uzito wenyewe, mwisho kilo 30, na kwa kitu kirefu chepesi kama hiki mara nyingi ndiyo njia ya busara. Njia ya meli, inapokuwepo, ni nafuu zaidi na huchukua miezi. Mimi nimewahi kungoja kwa meli na kilifika kizima, ila usiahidi mtu harusi kwa kinanda kilicho baharini.

Dawa ya yote haya ni kuunganisha. Boksi likishakuwa refu, kuongeza seti mbili za nyuzi, risha, na ile janku ya pili kwa ajili ya spea kunagharimu kidogo sana. Nunua ndani ya siku za bure za ghala, kisha agiza vyote vifungwe pamoja. Ikiwezekana uungane na mwenzako: mpiga fidla anayetaka upinde, mwalimu anayetaka filimbi za watoto. Gawaneni nauli kama mnavyogawana teksi.

Jambo moja nalisema bila mzaha. Ukiwa unazunguka kwenye vinanda vya Japani utakutana na shamisen na vifaa vyake, na risha zake kubwa za kale zilikuwa za pembe za ndovu. Yahoo! Japan ilipiga marufuku kuuza pembe za ndovu kuanzia Novemba 2019. Kitu kikiwa na maelezo ya kukwepakwepa kuhusu kilivyotengenezwa, kiache. Nchi yetu ilichoma tani 105 za pembe hadharani Aprili 2016, kwenye mbuga ya Nairobi. Haifai zirudi kwa mlango wa Posta ndani ya kasha la muziki.

Kumpokea

Mzigo ukifika Kenya utapita forodha. Watahesabu thamani ya kitu pamoja na nauli na bima, kisha ushuru na tozo, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Weka pembeni fedha hiyo tangu siku ya dau. Chapisha risiti ya mshenga, ukurasa wa mnada na uthibitisho wa malipo, uende navyo. Afisa anayeona karatasi kamili hana haja ya kukisia bei, na makisio hayajawahi kumpendelea mnunuzi. Usimwombe mshenga aandike kwamba ni zawadi au kwamba thamani yake ni ndogo. Ni uongo wa maandishi wenye jina lako, na boksi likipotea njiani utalipwa ile bei ya uongo.

Unapolifungua, funguo za nyuzi usiziguse siku ya kwanza. Kinanda kimetoka baridi ya Japani kikaingia joto na chumvi ya Mombasa. Kiache ndani ya kasha lililo wazi siku mbili tatu, mbao ipumue. Kisha kaza uzi mmoja mmoja, polepole, nusu sauti leo, nusu kesho. Vitufe vinavyokwama usivitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani; vitoe, vipanguse, virudishe. Nyuzi za kuvuma zitunge kwa sauti ya mwimbaji wenu, si kwa kitabu.

Kinanda changu cha nne kilikuwa cha Nagoya kwenyewe, cheusi, chenye maua ya fedha pembeni. Muuzaji alieleza kwamba kilikuwa cha mama yake. Chini ya kitambaa cha kasha nilikuta karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Muziki wa taishokoto huandikwa kwa nambari, zilezile zilizo kwenye vitufe, kwa hiyo asiyejua Kijapani anaweza kuzifuata. Juu ya baadhi ya nambari kulikuwa na duara za penseli, mahali ambapo mwenyewe alikuwa akikosea, nadhani, au ambapo mwalimu alimwambia apumzike.

Nilimpelekea fundi wangu Kibokoni. Alikaza nyuzi mpaka akaridhika, akaiweka karatasi kwenye goti, akabonyeza nambari moja baada ya nyingine. Kwenye kila duara alisita kidogo, kama mama yule. Hatukuutambua wimbo. Alipomaliza aliurudia, safari hii haraka, akaanza kuupindisha kona zake kwa mtindo wa kwetu mpaka mkewe akatokeza kichwa paziani kuuliza huo ni wa nani.

Niliandika kwa mshenga nikamwomba amfikishie muuzaji shukrani na picha ya kinanda kikiwa mkononi mwa fundi. Akanijibu kwa upole kwamba biashara ikishafungwa ujumbe haupelekwi. Nimeiweka picha hiyo. Karatasi tumeikunja mara nne kama ilivyokuwa na kuirudisha chini ya kitambaa. Jumamosi fundi ana harusi Kisauni, na kinanda kinakwenda naye.